Umeitwa Kwenye Kamati ya Mitihani? Mwongozo Kamili wa Mwanafunzi wa Chuo, Kuanzia Kanuni za Udanganyifu hadi Rufaa

Kwa mwaka mmoja nilikuwa waziri wa elimu katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa Tanzania. Cheo kinasikika kikubwa, lakini kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusikiliza watu waliokuja na macho mekundu: alama hazionekani kwenye mfumo, msimamizi kamkuta mtu na kikaratasi, risechi imerudishwa eti imeibwa. Wengi tulioshindwa kuwasaidia hawakuwa na makosa makubwa kuliko wenzao. Hawakuwa na karatasi. Walikuja siku za rufaa zimekwisha, au walikuwa wameongea na ofisi nzima kwa mdomo bila neno hata moja kuandikwa popote.

Kwa hiyo nitarudia jambo la karatasi mpaka uchoke. Mwongozo unafuata vyuo vya Tanzania, na mahali pachache nimegusa Kenya. Kila chuo kina kanuni zake, na pale kanuni za chuo chako zinaposema tofauti na mimi, zifuate hizo.

Hatua ya 1: Pata kanuni zenyewe, usisimuliwe

Siku ya usajili ulisaini fomu kwamba utafuata kanuni za chuo. Karibu hakuna anayezisoma. Zimegawanyika sehemu mbili au tatu: kanuni za mitihani, kanuni za nidhamu za wanafunzi, na kwenye vyuo vikubwa sera ya wizi wa kitaaluma. Zitafute kwenye prospektasi, kwenye tovuti ya chuo, au kwa msajili wa taaluma. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kizito cha kisheria; kaeni wawili watatu mzisome pamoja.

Tafuta mambo matano tu, uyapige picha: makosa yanavyoelezwa, adhabu ya kila kosa, chombo kinachosikiliza, siku ulizopewa za kukata rufaa, na ada ya rufaa kama ipo. Hakikisha toleo ni la mwaka wako. Nimewahi kumwona mtu akijitetea kwa kifungu kilichokuwa kimefutwa, na mwenyekiti wa kamati akamsahihisha mbele ya watu wote.

Hatua ya 2: Jua unachoweza kushtakiwa nacho

Makosa ya chumba cha mtihani kila mtu anayafahamu. Kuingia na kikaratasi (Wakenya wanakiita mwakenya), kupiga chabo kwa jirani, kubadilishana karatasi, kumfanyia mwenzako mtihani. Linalowaponza wasio na nia mbaya ni simu. Katika vyuo vingi kosa ni *kuwa nayo* ndani ya chumba, hata ikiwa imezimwa na haina chochote kinachohusu somo. "Nilisahau mfukoni" si utetezi, ni ungamo. Iache nje, au chumbani kabisa.

Kuna makosa ambayo wanafunzi huyaona ya kawaida kiasi kwamba hushangaa kuitwa: kumsainia mwenzako mahudhurio, kuandika jina la mtu kwenye kazi ya kikundi wakati hakufanya chochote, kuwasilisha kazi ileile kwenye kozi mbili, kutunga majibu ya dodoso wakati hukwenda hata siku moja uwandani. Na kuna risechi ya kununua. Steshenari za nje ya geti zinatoa fotokopi, zinafunga vitabu, na baadhi huandika tasnifu nzima kwa bei ya makubaliano. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2022 inayofanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai kwa upande wa England. Huku kwetu mwandikaji huchukua hela yake na kuendelea na maisha. Anayesimama mbele ya kamati ni wewe. Tena siku ya utetezi wa tasnifu mtahini huuliza swali jepesi kabisa, kwa mfano kwa nini ulichagua kata hii na si ile, na hapo kimya kinajibu.

Sasa wizi wa kitaaluma, ambao ndio wenye utata. Wengi hudhani ukibadilisha maneno umeshatoka kwenye wizi. Tuchukue mfano. Tuseme kitabu kinasema:

"Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na wakulima wengi huzitumia kupanda mazao yanayokomaa kwa muda mfupi."

Mwanafunzi anaandika: "Mvua za vuli hudondoka kuanzia Oktoba hadi Desemba, na wakulima walio wengi huzitumia kuotesha mazao yanayoiva haraka." Hajataja chanzo. Huu ni wizi, kwa sababu mpangilio wa sentensi na wazo ni vya mwenye kitabu. Kilichobadilika ni shati tu. Angetaja chanzo bado angekuwa na tatizo dogo, maana sentensi imefuata ileile hatua kwa hatua bila alama za kunukuu.

Njia salama ni kusoma, kufunga kitabu, kisha kuandika kama unayemweleza mdogo wako: "Ufupi wa msimu wa vuli ndio unaoamua mkulima apande nini, kwani miezi mitatu haitoshi mazao ya kukomaa polepole," halafu uweke jina la mwandishi na mwaka. Wazo bado ni lake na umemtaja. Ukishindwa kusema kwa maneno yako, nukuu kama lilivyo, weka alama za kunukuu na ukurasa. Kunukuu si aibu.

Hatua ya 3: Tunza ushahidi kabla hujauhitaji

Ni kazi ya dakika tano kwa wiki. Kila testi ikirudishwa, piga picha ukurasa wenye alama. Kila kazi ukiwasilisha, tunza ujumbe unaoonyesha imepokelewa. Kama mnakusanya kwa mkono kupitia CR (mwakilishi wa darasa), awe na orodha iliyosainiwa. Kwenye kompyuta, usifute rasimu za zamani: hifadhi kila rasimu kwa tarehe yake, au andikia kwenye Google Docs ambayo inaweka historia ya mabadiliko yenyewe. Daftari lako la maelezo ya kusoma, hata likiwa na mwandiko wa kuku, ni ushahidi kwamba kazi ilipitia kichwani mwako.

Hili limekuwa la lazima tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, ilipotoka Novemba 2022. Turnitin, programu ya kukagua kazi zilizonakiliwa inayotumika katika vyuo vingi, iliongeza kipimo cha maandishi ya akili bandia Aprili 2023, na wahadhiri wengine wanakichukua kama kipimo cha malaria: kikisema ndiyo, ni ndiyo. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vipimo kadhaa vya aina hiyo kwa insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha zilihukumiwa kimakosa kuwa zimeandikwa na mashine. Sababu haiko mbali: mtu anayeandika kwa lugha ya pili au ya tatu hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka, na ndivyo vipimo vinavyotarajia mashine iandike. Kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyotengeneza ChatGPT, ilikiondoa kipimo chake Julai 2023 kwa kukosa usahihi, na Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kikazima kile cha Turnitin mwezi uliofuata. Ukituhumiwa kwa alama ya kipimo peke yake, hayo yataje kwa upole, kisha weka rasimu zako mezani. Lakini kama ulitumia akili bandia kweli na kanuni zinakataza, usinitafute.

Asilimia ya kufanana nayo isikutie kiwewe wala isikupe kiburi. Ripoti ya Turnitin huonyesha maandishi yanayofanana na mengine, haisemi umeiba. Asilimia 30 inaweza kutokana na orodha ya marejeleo, ukurasa wa jalada na majina marefu ya sheria. Asilimia 8 inaweza kuwa aya mbili nzima ulizozinyanyua mahali pamoja. Omba uione ripoti yenyewe, mstari kwa mstari, usikubali kutajiwa namba.

Hatua ya 4: Siku yenyewe, ndani ya chumba cha mtihani

Msimamizi kasimama pembeni yako. Usibishane kwa sauti, usikimbie, na tafadhali usimeze karatasi. Wapo waliomeza. Inaandikwa kama kuharibu ushahidi, na hilo ni kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Uliza kwa adabu kama unaruhusiwa kuendelea na mtihani. Vyuo vingi huruhusu, na ukisusa kazi yako itabaki nusu hata ukishinda kesi. Utapewa fomu ya kuelezea tukio. Isome yote kabla ya kusaini. Kama maelezo ya msimamizi si ya kweli, usikatae fomu; andika maelezo yako kwenye nafasi iliyopo, na karibu na saini ongeza: "Nimesaini kuthibitisha kwamba nimeonyeshwa fomu hii. Sikubali tuhuma." Katika ile hofu watu husaini chochote, na saini tupu husomwa baadaye kama kukiri.

Ukitoka tu, kabla ya kwenda kulia kwa rafiki, keti uandike: saa ngapi, ulikaa kiti gani, nani alikuwa mbele, nyuma na pembeni, msimamizi alisema nini, kilichokutwa kilikuwa wapi hasa (juu ya meza, chini ya kiti, mfukoni), na kilihusu nini. Kikaratasi kilichookotwa sakafuni kati ya viti viwili si sawa na kilichotolewa mfukoni mwako, na wiki tatu baadaye hakuna atakayekumbuka tofauti hiyo ila wewe uliyeandika.

Hatua ya 5: Kusikilizwa

Haki ya kusikilizwa si fadhila ya chuo. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale mahakama au chombo kingine kinapoamua kuhusu haki na wajibu wake, pamoja na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Kamati ya mitihani ni chombo kingine. Kwa Kenya iko Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010, na Sheria ya mwaka 2015 iliyoitafsiri kwa vitendo, ambapo aliyeathiriwa na uamuzi anaweza kudai sababu kwa maandishi.

Jambo hili lina historia ya chuoni kabisa. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua msomi Richard Bentley shahada zake bila kumwita ajieleze. Mahakama iliamuru mwaka 1723 arudishiwe, na jaji mmoja akasema kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajibu. Wanafunzi wa sheria wa hapa kwetu bado wanasoma kesi hiyo mwaka wa kwanza.

Kwa vitendo, unapopata barua ya wito angalia kama inataja kosa, kifungu, tarehe na mahali. Ikiwa inasema tu "fika mbele ya kamati", jibu siku hiyohiyo kwa maandishi ukiomba maelezo ya tuhuma na nakala ya ushahidi. Ikiwa muda ni mfupi mno, omba kuongezewa siku. Uliza kama unaruhusiwa kwenda na mtu: vyuo vingine hukubali mwakilishi wa serikali ya wanafunzi awepo, hata kama haruhusiwi kusema. Msimamizi aliyekukamata anaweza kuwa shahidi. Kuwa pia mjumbe anayepiga kura ni kasoro, na uiseme mwanzoni mwa kikao ili iandikwe kwenye muhtasari. Ukiingoja hadi rufaani utaulizwa kwa nini ulinyamaza.

Ndani ya chumba sema kwa ufupi. Nini kilitokea, ushahidi wangu ni huu, naomba hiki. Hadithi ya mama mgonjwa ina nafasi yake, nayo ni mwishoni, kwenye kuomba adhabu nafuu. Ukiianzisha mwanzo kamati inaelewa kwamba umekubali kosa. Na kama ulitenda kweli, kukiri mapema na kwa kosa lile tu ulilotenda kuna uzito wake, hasa kwa kazi za darasani ambapo adhabu inaweza kuwa sifuri ya kazi moja. Kwa mtihani wa mwisho usijidanganye: vyuo vingi huadhibu kwa kukuondoa chuoni. Na ukidisko, yaani ukiondolewa masomoni, bumu (hela ya mkopo) nalo linasimama.

Hatua ya 6: Alama zilizopotea au zilizokosewa

Haya ndiyo malalamiko mengi kuliko yote, na ndiyo mepesi kuliko yote, ukiwahi. Kwa vyuo vingi kozi weki (testi na kazi za muhula) ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60. Jumlisha mwenyewe kabla matokeo hayajapitishwa. Kuna binti alikuja kwangu ana sapu, yaani mtihani wa marudio, ya kozi aliyoipenda kuliko zote. Kozi weki yake ilisomeka 3. Alikuwa na picha za testi zake zote, jumla 31. Aliyeingiza alama aliruka tarakimu moja. Barua moja na picha nne, wiki mbili, sapu ikafutwa. Mwenzake mwenye tatizo kama lilelile hakuwa na picha, na karatasi za testi zilishatupwa. Akafanya sapu.

Fuata ngazi: mhadhiri wa kozi kwanza, kisha mkuu wa idara, kisha amidi au mkuu wa kitivo, kisha ofisi ya naibu makamu mkuu wa chuo anayeshughulikia taaluma. Kuruka ngazi huwaudhi watu na barua yako hurudishwa chini. Kwa mhadhiri unaweza kuanza kwa mdomo; usipopata jibu ndani ya wiki, andika:

*Mkuu wa Idara ya ……*
*YAH: KUTOONEKANA KWA ALAMA ZA KOZI WEKI, KOZI NAMBA ……*
*Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa ……, namba ya usajili ……. Katika matokeo yaliyotolewa tarehe ……, alama zangu za kozi weki zinasomeka ……. Kwa mujibu wa testi na kazi nilizorudishiwa (nakala nimeambatisha) jumla ni ……. Nilimwona mhadhiri wa kozi tarehe ……. Naomba alama zihakikiwe na nijulishwe matokeo kwa maandishi.*

Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine inagongwa mhuri wa "imepokelewa" na tarehe, unarudi nayo. Masjala wakisema mhuri haupo, mwambie aliyepokea aandike jina, asaini na aweke tarehe. Barua isiyo na mhuri wala saini ya mpokeaji ni shairi tu.

Kuhakikiwa kwa hesabu ya alama ni tofauti na kuomba kusahihishiwa upya. Kusahihishiwa upya mara nyingi kuna ada, hufanywa na mtahini mwingine, na alama zinaweza kushuka.

Hatua ya 7: Mhadhiri anapokuwa ndiye tatizo

Kufelishwa darasa zima, kutokufundisha, lugha ya matusi: hayo mlalamike kwa pamoja kupitia CR, kwa barua yenye saini nyingi. Mtu mmoja huonekana mkorofi, arobaini ni idara inayotakiwa kujieleza.

Rushwa ya ngono ni jambo jingine, na halifuati ngazi za hapo juu. Usilipeleke kwa mkuu wa idara ambaye anakunywa chai na mhadhiri huyo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaliita kosa la jinai, na aliye na kosa ni mwenye mamlaka anayedai, hata kama hukukubali. Piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia, na polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Usifute meseji hata zikikuchafua roho, usimjibu kwa hasira, na usikubali miadi ili "umrekodi" peke yako. Mtego huandaliwa na wenye kazi yao.

Hatua ya 8: Rufaa

Siku zinaanza kuhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi au tangu ulipopokea barua. Soma kanuni zako zinasemaje, na siku unayopokea barua andika tarehe juu yake na uombe aliyekupa asaini. Bahasha itunze pia.

Rufaa si nafasi ya kusimulia upya. Chagua sababu zinazosimama: utaratibu haukufuatwa (hukupewa tuhuma kwa maandishi, hukusikilizwa, aliyekushtaki alikuhukumu), kuna ushahidi mpya ambao hukuweza kuupata mwanzo, adhabu haimo kwenye kanuni au imezidi ya wenzako wa kosa lilelile. Sababu mbili zenye ushahidi zinatosha. Rufaa ya kurasa kumi na moja niliyowahi kuisoma ilikuwa na hoja moja nzuri, ukurasa wa tisa, na sidhani kama kamati ilifika huko. Malizia kwa kusema unataka nini hasa: uamuzi ufutwe, usikilizwe upya, au adhabu ipunguzwe.

Hatua ya 9: Nje ya geti

Ngazi za ndani zikiisha, jua mlango wa kugonga. Chuo kikuu kiko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Chuo cha cheti na diploma kiko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Kila mwaka kuna watu wa diploma wanaopeleka malalamiko TCU na kupoteza miezi. Wote hao watakuuliza kwanza: chuo kimejibu nini? Ambatisha barua zote kwa mpangilio wa tarehe.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bure dhidi ya ofisi za umma, ila haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani. Mahakama Kuu ndiyo mlango wa mwisho: unaomba kibali cha uamuzi kupitiwa upya, na maombi hayo hupelekwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa. Jaji hatasahihisha mtihani wako. Ataangalia kama chuo kilifuata sheria. Hapo tafuta wakili, au uulize kliniki ya msaada wa kisheria kwenye kitivo cha sheria kilicho karibu.

Hatua ya 10: Umeshinda. Bado hujamaliza

Barua ya ushindi haibadilishi mfumo wa kompyuta. Ingia kwenye akaunti yako, uone kama alama zimerekebishwa, kama hadhi yako imerudi kuwa mwanafunzi anayeendelea, na kama usajili wa muhula umefunguliwa. Nenda kwa ofisa mikopo wa chuo uhakikishe taarifa zimefika Bodi ya Mikopo, kwa sababu mfumo wao haujui kesi yako. Kisha, mwaka wa mwisho, kabla ya kuchukua transkripti, isome mstari kwa mstari ukiwa bado dirishani. Yule binti wa 31 alikuta kwenye transkripti yake ile 3 imerudi. Alikuwa bado na barua yenye mhuri.